Fuvu Lilipata Sifa, Jino la Fulu Lina Ushahidi

Mnamo Oktoba 2, 1948, Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alikuwa akipita kwenye mteremko mmoja kisiwani Rusinga alipoona vipande vya mfupa vimetokeza ardhini, na kando yake jino. Vilipounganishwa, vipande hivyo vilitoa fuvu la sokwe wa kale, uso ukiwa karibu mzima. Halikuwa limewahi kuonekana la aina hiyo. Kabla ya mwaka kwisha, fuvu lilikuwa limepanda ndege hadi Uingereza, ambako wanahabari walilingojea uwanjani. Lilikaa huko zaidi ya miaka 30 ndipo likarudishwa Kenya. Wakenya wengi wanaijua Rusinga kwa sababu ya kaburi la Tom Mboya. Wanasayansi wa dunia nzima wanaijua kwa sababu ya fuvu hilo.

Sina ugomvi na fuvu. Nadhani tu tumelitwika mzigo usio wake. Fuvu hukuambia mnyama alikuwa nani, ubongo wake ulikuwa na ukubwa gani, na kwa kiasi fulani alikuwa akila nini. Lakini sikiliza maswali yanayoulizwa mageuko yakitajwa, iwe kwenye matatu ya Kisumu kwenda Mbita au baada ya ibada huko Nakuru. Kama tumetokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Nani aliyewahi kuona kiumbe kikibadilika? Mnajuaje kwamba hapa palikuwa na msitu? Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo fuvu linaweza kulijibu peke yake. Yanajibiwa na vitu ambavyo mtu angevipiga teke na kwenda zake: mizizi iliyogeuka mawe, mfupa wa chini ya kiuno, vumbi la nyasi, meno ya fulu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, yasiyoonekana bila hadubini. Kuanzia Koru hadi Homa Bay vitu hivyo tunavyo tele, na karibu hakuna anayevitaja.

Turudi Rusinga kwanza. Miaka milioni 18 hivi iliyopita hapakuwa na Ziwa Victoria, wala Rusinga haikuwa kisiwa. Ilikuwa sehemu ya miteremko ya volkeno kubwa, Kisingiri, ambayo mabaki yake ni milima ya Gwassi unayoiona ukiwa Mbita. Msituni kwa kawaida ni mahali pabaya pa kuhifadhi mfupa. Udongo wake una asidi, unyevu haukatiki, na wadudu na kuvu hawana likizo. Ndiyo maana sokwe mtu, anayeishi misituni, hakuwa na kisukuku, yaani mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ardhini, hata kimoja kilichothibitishwa hadi mwaka 2005, yaliporipotiwa meno machache kutoka Kapthurin, Baringo, yenye umri wa karibu miaka 500,000. Ukoo mzima, na ushahidi wake unatosha kiganjani.

Rusinga iliponea kwa sababu ya aina ya majivu. Kisingiri ilimwaga majivu yenye kaboneti na kalsiamu nyingi, kinyume kabisa cha udongo wenye asidi. Yalifunika vitu upesi, na maji yaliyopenya ndani yake yakaweka madini katika kila tundu la mfupa, la ganda la mbegu, la mwili wa mdudu. Kwa hiyo pale hakukupatikana mifupa tu. Kuna matunda, mbegu, konokono, na hata kiwavi, kiumbe kisicho na mfupa wowote mwilini. Binafsi kiwavi huyo hunishangaza kuliko fuvu. Fuvu ni gumu, limeumbwa lidumu. Kiwavi aliyedumu miaka milioni 18 ni jambo la kukufanya uvue kofia.

Sokwe wa Rusinga aliitwa Proconsul kwa miongo mingi. Tangu mwaka 2015 anaitwa Ekembo. Spishi moja, Ekembo heseloni, ina jina la Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi ya kutafuta visukuku na akina Leakey kwa miaka mingi. Uso wa mnyama huyu ulijulikana tangu 1948, lakini swali moja lililogawanya wataalamu halikuhusu uso hata kidogo. Je, alikuwa na mkia? Jamii ya sokwe, pamoja nasi, haina mkia, kima wanao. Jibu lilitoka kwenye mifupa ya mwisho ya uti wa mgongo, pale unapoungana na nyonga. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba mfupa mmoja wa sehemu hiyo, kutoka Rusinga, umbo lake ni la mnyama asiye na mkia. Jambo la kuvutia ni kwamba mgongo wa mnyama huyo huyo ulikuwa mrefu na mwepesi kupinda kama wa kima, na viungo vyake vinaonyesha alitembea juu ya matawi kwa miguu minne, bila kubembea kama sokwe wa leo. Mkia ulikuwa umekwenda, mwili uliobaki ulikuwa bado haujafuata.

Hapo ndipo picha ya vitabuni inapotuharibia, ile ya mstari wa viumbe wanaotembea mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akiwa amenyooka zaidi kidogo. Ekembo hakai popote kwenye mstari huo. Si nusu kima nusu sokwe katika kila kiungo; ni sokwe kabisa hapa, kima kabisa pale. Sehemu za mwili hazibadiliki kwa mwendo mmoja, na asiyelijua hilo ataendelea kudai aonyeshwe mnyama wa katikati ambaye kila kitu chake ni cha katikati. Mnyama kama huyo hatapatikana, kwa sababu mageuko hayamtengenezi.

Kuna kisa kingine cha Rusinga ninachokipenda. Mwaka 1951 mifupa mingi ya Ekembo ilichimbwa mahali palipodhaniwa kuwa shimo lililochongwa na maji ya mto wa kale na kujazwa mashapo. Miaka ya 1980 watafiti walipoangalia upya, pamoja na kukuta vipande vingine vikiwa vimechanganyika na mifupa ya wanyama wengine kwenye hifadhi ya makavazi, walitambua kwamba shimo lile lilikuwa mti. Mti mkubwa wenye uwazi ndani ulikuwa umesimama wakati majivu yanaanguka, ukaoza, na nafasi yake ikabaki kama kalibu. Hakuna ubao wowote uliosalia, ni umbo tu. Kisukuku cha namna hiyo hakina hata chembe ya kiumbe chenyewe, na bado kinakuambia unene wa shina na mahali liliposimama. Mfupa ulitoa jina la mnyama. Kalibu ya mti ilieleza mifupa ile ilifikaje pale.

Mwaka 2014 jambo hilo lilipanuliwa. Katika eneo moja la Rusinga, ndani ya tabaka lile lile lenye mifupa ya Ekembo, zilielezwa kalibu za visiki, mizizi iliyogeuka mawe na majani yaliyoacha chapa. Visiki vikiwa pale vilipoota, unaweza kupima nafasi kati ya mti na mti na kujua kwamba matawi ya juu yaligusana. Msitu uliofunga. Hapa hakuna aliyekisia kutokana na umbo la meno kwamba huenda mnyama aliishi mitini. Mti wenyewe upo.

Mtu angesema basi hadithi ya darasani imethibitishwa: sokwe waliishi kwenye msitu mnene, kisha hali ya hewa ikakauka, nyasi zikaja, wakalazimika kushuka. Wengi wetu tulifundishwa hivyo kidato cha nne na tukaandika hivyo kwenye mtihani. Ni hadithi nzuri. Tatizo ni vumbi la nyasi. Mimea hutengeneza ndani ya seli zake chembe ndogo za silika, fitolithi, ambazo hubaki udongoni mmea ukishaoza, na umbo la kila chembe hufichua aina ya mmea. Mwaka 2023 watafiti walikusanya chembe hizo, pamoja na vipimo vya kaboni kwenye udongo wa kale, kutoka maeneo kadhaa ya Afrika Mashariki likiwemo la Rusinga na yale ya Koru na Tinderet, na kuvuka mpaka hadi Moroto, Uganda. Kati ya miaka milioni 21 na 16 iliyopita tayari kulikuwa na nyasi nyingi za kundi la C4, yaani zinazotumia njia ile ile ya usanisinuru kama mahindi, mtama na miwa inayopakiwa kwenye matrekta huko Muhoroni. Hilo linarudisha nyuma umri wa mandhari ya nyasi hizo kwa zaidi ya miaka milioni 10. Moroto hasa, sokwe wa kale aliyekuwa na mgongo ulionyooka kiasi na aliyekula majani alikuwa akiishi penye miti iliyotawanyika na msimu wa kiangazi.

Kwa hiyo Rusinga palikuwa na kipande cha msitu uliofunga, na mbali kidogo palikuwa na nyasi, na jamii ya sokwe iliishi kwenye mchanganyiko huo muda mrefu kabla ya babu yeyote wa binadamu kusimama wima. Nyasi haziwezi kuwa zimeshusha mtu mtini miaka milioni 7 iliyopita ikiwa zilikuwapo milioni 14 kabla ya hapo. Kitu kingine kilihusika, au nyasi zilihusika kwa namna tusiyoizoea. Nasema waandishi wa vitabu vya shule wasingoje mtaala mwingine ubadilishwe ndipo warekebishe ukurasa huo. Na kilichouangusha si fuvu jipya, ni vumbi.

Sasa tuje kwenye swali la nyani. Mwaka 2006, maonyesho ya Makavazi ya Kitaifa yalipokuwa yakitayarishwa upya jijini Nairobi, baadhi ya viongozi wa kanisa walipinga hadharani mifupa ya mababu wa binadamu kupewa nafasi kubwa. Ilikuwa haki yao kupinga. Lakini mjadala ulikwama palepale unapokwama siku zote, kwamba kama binadamu ametoka kwa nyani, nyani angekuwa amekwisha. Jibu liko Maboko, kisiwa kidogo kwenye Ghuba ya Winam, karibu na Kisumu.

Maboko, katika tabaka la takriban miaka milioni 15, kuna Victoriapithecus, kima mdogo wa kale ambaye fuvu lake zima liliripotiwa mwaka 1997. Katika kisiwa hicho hicho, wakati huo huo, kuna sokwe, mmojawapo Equatorius. Kima tayari ni kima, sokwe tayari ni sokwe, wanakaa jirani. Matawi mawili yalikuwa yameshaachana. Nyani tunaowaona wakivizia ndizi za wageni katika mbuga ya Ziwa Nakuru ni uzao wa tawi moja, sisi ni uzao wa jingine, na hakuna upande uliowahi kumgeukia mwenzake na kuwa yeye. Anayeuliza mbona nyani bado wapo anauliza mbona binamu yangu bado yupo ilhali nimeshazaliwa. Na hao kima nao hawakusimama: uchunguzi wa ndani ya fuvu lile kwa skani mwaka 2015 ulionyesha ubongo mdogo ajabu, lakini wenye mikunjo mingi. Mikunjo ilitangulia, ukubwa ukaja baadaye.

Haya yote yanategemea kitu kimoja ambacho si kisukuku: kujua kilitoka wapi, tabaka gani, juu ya majivu gani. Majivu ya volkeno hupimwa umri kwa madini yake, na mfupa hupata umri kwa kulala juu au chini yake. Ukiung'oa mfupa bila kuandika mahali, umeupokonya ushahidi wake. Mfano mchungu uko Kanam, Rasi ya Homa. Mwaka 1932 Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wa Louis Leakey, mtafiti aliyekuja kuwa mume wa Mary, alipata kipande cha taya pale. Leakey alitangaza kwamba ni binadamu wa kale mno, wa ukoo wetu hasa. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alifika kuhakikisha, na Leakey akashindwa kuonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyokuwa ameviweka havikuwapo tena, na picha aliyokuwa ameichapisha ilikuwa ya sehemu nyingine. Boswell aliandika haya kwenye jarida la Nature, na taya ikapoteza heshima yake. Inasemekana vigingi vilichukuliwa na wavuvi. Kama ni kweli, siwalaumu. Chuma kilichoachwa porini bila maelezo ni chuma cha anayekihitaji. Wa kulaumiwa ni mtafiti aliyetegemea vigingi hivyo.

Kilomita chache kutoka hapo, Nyayanga, kazi ya aina nyingine ilifanyika. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba pale kuna zana za mawe za kati ya miaka milioni 3 na 2.6, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na meno mawili ya Paranthropus, jamaa ya binadamu mwenye magego makubwa na mataya mazito. Magazeti yalirukia meno: nani alitengeneza zana? Paranthropus hakudhaniwa kuwa mhunzi wa mawe. Mimi naona alama za kukata ni nzito zaidi. Alama hiyo si mwili wa mtu yeyote. Ni tendo lililobaki, kama zilivyo nyayo za Laetoli huko Tanzania, zilizokanyagwa kwenye majivu miaka milioni 3.66 iliyopita na viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Mfupa huonyesha kiumbe aliweza kufanya nini. Alama huonyesha alichokifanya. Tena baadaye ilibainika kwamba baadhi ya mawe ya Nyayanga yalibebwa zaidi ya kilomita 10 kutoka yalikochimbuka, jambo linalomaanisha mtu alijua atakalohitaji kabla ya kulihitaji. Hakuna jino linaloweza kukuambia hivyo.

Wa Nakuru wasidhani wameachwa nje. Kariandusi, karibu na Gilgil, wageni huenda kutazama mashoka ya mawe, halafu wanapita machimbo meupe ya diatomaiti bila kugeuza shingo. Weupe ule wote ni magamba ya diatomu, mwani mdogo mno wa majini, matrilioni yasiyohesabika. Ni kaburi la ziwa lililokuwa kubwa pale. Na kuna Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama mkubwa kuliko simba wa leo, ambaye mifupa yake ilichimbwa Meswa Bridge karibu na Muhoroni kati ya 1978 na 1980, ikalala kwenye droo za makavazi Nairobi hadi ilipopewa jina mwaka 2019. Jina la Kiswahili na umri wa miaka milioni 22 hivi. Wakati mwingine uchimbaji unaohitajika ni wa droo.

Nimeliacha swali moja kwa makusudi: nani aliyewahi kuona kiumbe kikibadilika? Fulu, wale samaki wadogo ambao bei yao sokoni ni ya chini, ndio wenye jibu. Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena karibu miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita. Leo lina, au lilikuwa na, spishi takriban 500 za fulu: wala mwani, wavunja konokono, wala samaki wenzao, wakwangua magamba. Vinasaba vinaonyesha kwamba babu zao walichanganya damu ya koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili, na mchanganyiko huo uliwapa akiba ya tofauti za kuchagulia. Kwa vipimo vya kijiolojia ni jambo la jana jioni.

Hapo ndipo jino linapoingia. Mwaka 2023 watafiti walichapisha kwenye Nature uchunguzi wa meno ya samaki yaliyotolewa katika nguzo za matope zilizochimbwa chini ya ziwa, tabaka kwa tabaka, tangu maji yalipoanza kurudi. Iliaminika na wengi kwamba fulu walishinda kwa kuwahi kufika au kwa wingi. Meno yalikataa. Jamaa za omena, kambare na ngege walikuwapo tangu mwanzo pamoja na fulu, na hakuna aliyetangulia kwa kiasi cha kumfungia mwenzake mlango. Ziwa lilipozidi kina, wengine walibaki kwenye maji ya kando. Fulu wakasonga hadi maji ya wazi na kugawanyika. Wote walipewa nafasi ile ile, mmoja akawa mamia.

Kisha ukaja mbuta, sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala, na takriban spishi 200 za fulu zinakadiriwa kutoweka. Lakini katika Ghuba ya Mwanza, spishi moja ya fulu iliyoponea chupuchupu ilirudi ikiwa na matamvua makubwa zaidi, yanayofaa maji yaliyopungukiwa na oksijeni, na kichwa kilichobadilika umbo. Muda uliopita ni miongo miwili. Bado wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha badiliko hilo kiko kwenye vinasaba na kiasi gani ni mwili kukua kufuatana na maji uliyozaliwa ndani yake, na ubishi huo ni wa halali. Badiliko lenyewe limepimwa kwa rula.

Makavazi ya Kisumu yana matangi ya samaki hai, na watoto wa shule husimama hapo muda mrefu kuliko kwingine kokote. Ningeweka kando ya tangi hadubini moja, sahani ya meno ya fulu kutoka matope ya ziwa, na mchoro wa tabaka zilimotoka, kila moja na umri wake. Sidhani gharama yake ingefika hata bei ya nakala moja nzuri ya fuvu.